Bandi ya Mkono wa Kushoto

Usiku wa jana niliota, na haya nitakayoyasema sikuyatunga mimi, niliambiwa na kiti. Ni kiti cha sinema, cha mbao, safu ya nyuma kabisa, kimeandikwa kumi na saba mgongoni. Kiliniambia saa nane mchana kwa saa ya ndotoni, jua kali, nami nimeshika kapu la mboga.

"Shikamoo, fundi," kiti kikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila miguu. Kaa basi tuzungumze. Wifi yako halali."

"Najua halali. Mimi ndiye ninayekaa naye."

"Unajua halali, lakini kwa nini halali hujui. Au unajua, unajitia hujui?"

Nikakaa. Si adabu kubishana na mtu uliyemkalia.

Sasa ngoja kwanza nimseme wifi yangu, maana asiyemjua hataelewa kiti kilikuwa na haja gani nami. Anaitwa Tunu binti Sefu, dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi wawili hapa Ngamiani, Tanga, vyumba vyetu vinatazamana, tukiacha milango wazi tunazungumza kila mtu kitandani kwake.

Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Tunu aliigiza sinema. Ilikuwa ya kutisha, jina lake *Mwali wa Ngazini*. Aliitengeneza bwana mmoja akiitwa Firozi, aliyekuwa akivaa miwani myeusi hata chumbani. Alilichukua jumba la zamani la meneja wa mkonge, nje kidogo ya mji, akazipaka ngazi rangi nyekundu iliyoiva, kuta akazipaka kijani cha jani la mgomba, kisha akaweka karatasi za rangi mbele ya taa mpaka sote mle ndani tukawa kama tumo ndani ya peremende. Watu wakamwuliza, bwana, sinema ya kutisha, damu iko wapi? Akasema, "Damu ya nini? Damu kila mtu anayo. Mimi nataka rangi."

Kisa chenyewe kifupi. Kuna mwali amekufa siku ya harusi yake, na hakuna anayejua gauni lile nani alimvalisha. Basi anashuka ngazi polepole, na kila amwonaye anamwuliza, "Nani aliyenivalisha?" Anayesema uongo anageuka koti, anatundikwa kabatini. Masharti ya jumba ni mawili tu. Ukimtazama, usipepese. Akikuuliza, sema kweli.

Mwali alikuwa Tunu. Gauni nililishona mimi.

Sinema ilioneshwa wiki moja hapa mjini, watu wakacheka, wakamwogopa Tunu njiani, wakaenda zao. Lakini haikufa. Iliingia kwenye kanda, ikaingia kwenye vibanda vya video, na sasa imo kwenye simu. Mjukuu wangu Shamsa hunionesha: vijana wa Dar, wa Mombasa, na wa nchi ambazo majina yake ulimi wangu hauyawezi, wamevaa gauni lile lile. Wanashika kifundo cha mkono wa kushoto kwa vidole viwili, kiwiko wamekiinua, vile alivyoshika Tunu pale ngazini. Maharusi wanaingia ukumbini hivyo. Na kwenye mkono wa gauni, upande wa kushoto, wanaacha uzi mweupe uning'inie. Redioni nilimsikia profesa akisema uzi ule ni kamba inayofunga roho na dunia.

Jumamosi hii wanakuja hao vijana kumpa Tunu heshima yake. Wamemwomba asimame ngazini ashike mkono, basi, dakika moja. Na tangu alipoambiwa, ilikuwa jana siku ya tatu, hakufumba jicho. Anakaa kitandani ameegemea ukuta, vidole viwili vimeshika kifundo cha kushoto. Ana miaka sabini na miwili. Daktari alimpa vidonge, akavimeza, akabaki macho vile vile, ila ulimi mzito. Jana jioni nilimwona anatetemeka midomo, nikaogopa. Nikasema moyoni, huyu asipolala, Jumamosi sitaifika naye.

"Fumba macho tu, wifi," nikamwambia.

"Nikifumba namwona anashuka."

"Nani?"

"Mimi." Akacheka kidogo. "Tanga nzima wameshaacha kuniogopa. Nimebaki mwenyewe."

Nikaenda kulala na neno hilo. Ndipo nikakikuta kiti.

"Umeshika vizuri?" kiti kinaniuliza.

"Nimeshika wapi? Huna mikono."

"Basi kaa hivyo hivyo." Na kinaondoka nami, kinatembea kama mbuzi mzee, kwanza mbele miwili, kisha nyuma miwili.

Tunafuata barabara ya kumi na moja, tunakata kona, na kona yenyewe ni shamba la mkonge. Mkonge wote umevaa. Kila mmoja una mkono mmoja wa gauni jekundu kwenye jani la kushoto, na kila mkono una uzi mweupe unaning'inia. Upepo ukipita nyuzi zinainuka pamoja, shamba zima.

Nikauliza mkonge mmoja wa kando ya njia, "Huo uzi ni wa nini, mwanangu?"

"Sijui, bibi. Ndio mtindo."

"Nani aliuanzisha?"

"Wakubwa tuliwakuta nao."

"Na hao wakubwa?"

"Walikuta." Kisha ukaniangalia kwa huruma, ukasema, "Bibi, wewe vitu hivi huwezi kuvielewa. Ni vya watu wa sanaa."

Kiti kikakohoa chini yangu. Nikakaza mwendo, yaani nikakipiga ubavuni kwa kisigino.

Ukumbi wa sinema upo katikati ya shamba. Mlangoni hakuna mtu, kuna miwani myeusi imekaa juu ya meza, na nyuma ya meza ukuta mzima ni misumari, na kila msumari umetundikwa kope. Kope za watu, mbili mbili, zimekunjwa vizuri kama soksi.

"Karibu, fundi," miwani inasema. Sauti ni ya Bwana Firozi mwenyewe, ile ya kama mtu anayenusa kitu. "Kope zako."

"Za nini?"

"Umesahau sharti? Ukimtazama, usipepese. Tumeona watu wanaahidi hawapepesi, kisha wanapepesa. Siku hizi wanaziacha mlangoni, wanachukua wakitoka."

Nikazivua, nikampa. Haiumi. Ni kama kuvua bangili iliyobana kidogo. Nikapewa kibati chenye namba.

Nikageuka kuingia, na ndipo nikauona msumari wa kwanza kabisa, ule wa juu. Umepata kutu. Kope zilizotundikwa hapo zina wanja, wanja wa zamani tuliokuwa tukiutengeneza wenyewe kwa masizi. Nikazijua hapo hapo. Nilimpaka mimi.

"Hizi za Tunu," nikasema.

"Za Tunu."

"Mbona hamjampa?"

"Hajatoka. Mwenye kope hupewa akitoka."

"Miaka hamsini na kitu! Mtoto wa watu yuko humo hajafumba macho miaka hamsini?"

"Fundi, usinipandishie sauti," miwani inasema. "Mwisho wa sinema niliupanga vizuri mimi. Mwali afike chini, avue gauni, apande kitandani, alale. Taa zizimwe. Nilishaandika. Lakini siku ile alivyoushika ule mkono pale ngazi ya tatu, kile kiwiko, ile rangi nyekundu, na uzi mweupe mmoja tu... Nikasema, basi. Inaishia hapa. Mtu akipata picha kama ile anaizimiaje taa?"

"Kwa hiyo hakulala."

"Hakulala. Na sasa hata nikitaka kumlaza siwezi. Gauni si lake."

"Si lake vipi? Kalivaa."

Miwani ikanitazama. Nilijiona mara mbili ndani yake, vibibi viwili na makapu mawili ya mboga.

"Wewe ndiye fundi," ikasema. "Mama yako alikufundisha nini kuhusu bandi?"

Hapo aliponigusa ndipo.

Asiyejua kushona, bandi ni ule uzi wa kushikizia. Kabla hujapiga cherehani unapitisha sindano kwa mkono, hatua ndefu ndefu, uzi mweupe ili uonekane. Ukishashona unaung'oa. Mama yangu alikuwa na lake: bandi inang'olewa na yule yule aliyeipiga, nguo ikiwa mwilini, mwenye nguo anatazama. Alisema nguo yenye bandi bado ni ya fundi. Hata mtu akilala nayo, akizeeka nayo, haijatoka mkononi mwa fundi.

Gauni la mwali lilikuwa linabana mkono wa kushoto. Nililirekebisha Tunu akiwa amelivaa, pale pale chini ya ngazi, nikapiga bandi, nikashona, na nilikuwa nimeshika ncha ya uzi niuvute Bwana Firozi akapiga kelele, "Taa! Watu wote nje ya taa!" Nikakimbia. Fundi aliyenitangulia alifukuzwa kwa kifungo kimoja. Nikajibanza nyuma ya taa nyekundu, nikageuka, nikauona uzi wangu unaning'inia kama mkia wa panya.

Tunu, ameshapanda juu ya ngazi, akaniona nilivyoshika kichwa. Akautazama mkono wake. Akaufunika uzi kwa vidole viwili, akainua kiwiko ili ionekane ndivyo alivyokusudia. Ukachungulia kidogo tu. Akashuka hivyo hivyo, polepole, asije akauachia.

Bwana Firozi alipiga makofi mpaka miwani ikamwanguka. Mimi sikusema kitu. Siku ile sikusema, na kesho yake sikusema. Wakaja watu wa Pangani kuichukua barua yao ya posa, wakasema mke anayeshuka ngazi vile hawamtaki nyumbani kwao usiku, na siku hiyo pia sikusema. Kosa langu likawa mtindo. Mtindo ukawa sinema. Na yeye akawa zimwi.

"Nipe nizipeleke kope zake," nikaiambia miwani.

"Kwanza gauni litoke kwa fundi."

Nikaingia.

Ndani hapana ukumbi, ni jumba la meneja. Kuta kijani, mwanga mwekundu, na ngazi. Lakini ngazi zenyewe, jamani! Zinatoka juu kwenye mawingu zinashuka mpaka sakafuni, ukingoni mwa shimo, na humo shimoni waashi wanne wanachanganya saruji kwa haraka kama watu wanaofukuzwa na mvua.

"Kazi njema," nikawaambia.

"Haiishi, mama," mmoja akasema, jasho linamtoka. "Kila mtu mmoja akimtazama, mwali anashuka ngazi moja. Na kila akishuka moja, tumeagizwa tuongeze moja chini. Zamani ilikuwa raha, wiki nzima hakuna mtu, tunacheza bao. Tangu zije simu hatujanywa hata chai."

"Kwa hiyo hafiki chini?"

"Anabakiza tatu. Siku zote anabakiza tatu."

Nikainua macho, nikamwona. Wifi yangu wa miaka kumi na tisa, ngazi ya tatu kutoka mwisho, gauni jekundu, shela jeupe, kiwiko juu, vidole viwili vimeshika kifundo. Macho makavu, wazi, bila kope. Watu wote duniani wangemwona wa kutisha. Mimi nikamwona amechoka.

Viti vyote vimejaa. Vijana maelfu, nao wameshika vifundo vyao vya kushoto. Kimya. Hapa nasimama mimi na kapu langu.

Tunu anafungua mdomo. Sauti yake ni ile ya kwenye sinema, ya mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi.

"Nani aliyenivalisha?"

Ukutani kwa nyuma yangu kuna kabati, na kabati limejaa makoti. Likafunguka mlango. Koti moja la kijivu, la heshima, lina miwani mfukoni, likanong'ona sikioni kwangu.

"Bibi. Mimi ndiye yule profesa wa redioni. Aliniuliza, nikamjibu ni kamba inayofunga roho na dunia. Nikatundikwa."

"Pole sana, baba."

"Hapana, si pabaya. Kuna nafasi. Ila nakushauri, kwa faida yako. Useme hilo hilo la roho. Hawa vijana watakushangilia. Ukisema lile la kweli, bibi, watavunjika moyo. Wametoka mbali."

"Nikisema hilo la roho nitakuwa koti?"

"Koti, ndiyo. Lakini koti linaloheshimiwa."

Nikafikiri. Sitasema uongo, nilifikiri kweli. Nina miaka sabini na minne, na haijapata kutokea watu maelfu wakaniangalia kwa pamoja. Nikaona ningekuwa koti zuri tu, la sufu labda, na Tunu angebaki pale juu kama alivyobaki miaka yote, na hakuna ambaye angejua. Ni rahisi. Nilishafanya hivyo miaka hamsini, na nilikuwa sijawahi hata kuona hanga ya koti.

"Nani aliyenivalisha?" Tunu akauliza tena. Na safari hii kiwiko kikashuka kidogo.

Nikatua kapu chini.

"Mimi," nikasema. "Mwajabu binti Kibwana, fundi, darasa la nne. Nilikuvalisha mimi. Na mkono wa kushoto nilisahau kung'oa bandi. Si roho wala si dunia, ni uzi wa bandi. Ukanifichia nisifukuzwe kazi, nami nikanyamaza."

Hakuna aliyepiga makofi. Shimoni waashi wakaacha koleo.

Kisha msichana mmoja safu ya mbele akasimama. Gauni lake zuri, limeshonwa vizuri kuliko langu, nalisema wazi. Uzi wake mweupe aliufuma kwa lulu ndogo ndogo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa bibi, sisi nyuzi zetu tuzikate?"

Akanitia huruma. Nikamwuliza, "Huo wako uliuweka au uliusahau?"

"Niliuweka. Siku mbili nilikuwa naupanga."

"Basi acha. Wako umeuweka kwa kupenda, ni pambo. Wangu mimi niliusahau, ni kosa. Vinafanana kwa macho tu."

Akakaa. Nikasikia wenzake wakinong'onezana, "Bibi kasema ni pambo," na nikajua hilo nalo kesho litakuwa mtindo.

Nikapanda. Ngazi tatu tu, lakini magoti yangu yalikuja nami ndotoni, sikuyaacha nyumbani. Nikafika alipo.

"Tazama mkono wako," nikamwambia. "Lazima mwenye nguo atazame."

Akatazama. Nikaviondoa vidole vyake viwili, kimoja kimoja, vilikuwa vigumu kama kuni. Nikashika ncha ya uzi. Nikasema bismillahi, kama alivyokuwa akisema mama, nikavuta.

Uzi ukatoka. Ukatoka tena. Nikavuta kwa mikono miwili, ukawa unakuja, mrefu, mweupe, na ngazi nazo zikawa zinakunjika, moja juu ya moja, kama kitambaa ulichokitoa mshono. Kumbe zote zilikuwa zimeshikizwa na bandi yangu. Waashi wakapanda juu wakijifuta, mmoja akasema, "Mwenyezi Mungu akujalie, mama, chai iko wapi?" Ngazi ya tatu ikakunjika, ya pili, ya kwanza. Tukawa sakafuni, mimi na wifi yangu, kwenye vigae vya kawaida.

Tunu akaushusha mkono. Ulilia kama mlango wa bawaba kavu.

"Wifi," akasema, na sauti sasa ilikuwa yake, ile ya jikoni. "Mkono umeniuma."

Nilitaka kumjibu. Lakini kiti kumi na saba kilikuwa kimekuja nyuma yangu, kikanigonga magotini, nikaanguka juu yake, kikaondoka nami mbio. Mlangoni miwani ikanirushia jozi mbili za kope. Zangu nikazivaa. Za wanja nikazifumbata mkononi, nikazifunga kidoleni kwa ule uzi zisinipotee.

Na kope zilipokaa mahali pake zikafumba, na zilipofumbuka nilikuwa kitandani kwangu. Kumekucha. Jirani anapiga mswaki uani.

Nikaenda chumbani kwa Tunu hivyo hivyo, sijanawa uso. Alikuwa kama nilivyomwacha, ameegemea ukuta, vidole viwili kifundoni, macho mekundu.

"Umeamka?" akasema. "Mwenzangu unakoroma. Usiku kucha nasikia kama mtu anaburuta kiti."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Tunu."

"Naam, wifi."

"Lile gauni. Mkono wa kushoto. Nilisahau bandi."

Akanigeukia.

"Unaniambia leo?"

"Nakuambia leo."

"Mimi nilidhani utaniambia siku ile, tukirudi nyumbani. Tulitembea njia nzima nakungoja. Nikasema labda anaona haya, atanipikia kitu nipendacho, ndiyo itakuwa kusema kwake. Hukupika."

"Nilipika."

"Ulipika kisamvu. Lini nilipenda kisamvu?"

Nikainamisha kichwa. "Ulinifichia. Na walipokuja wale wa Pangani ningesema ilikuwa bandi yangu, si uzimwi wako, wangebaki. Sikusema. Nisamehe, wifi. Na ahsante."

Nje jirani akatema maji. Kisha Tunu akasema, "Yule wa Pangani alikuwa na meno mabaya." Akapangusa jicho kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi yake. "Lakini ningependa kumkataa mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Haya. Yamepita." Akanyoosha shingo. "Na hicho kidoleni nini?"

Nikatazama. Kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, umezungushwa uzi. Mweupe, wa pamba, uzi ule wa zamani wa kwenye kigurudumu cha mbao ambao madukani haupo tena. Mimi cherehani niligawa miaka mitatu iliyopita, macho yaliponikataa, na nyumba hii haina hata sindano, kifungo kikikatika tunamngoja Shamsa. Nikauzungusha, nikautoa, nikauweka kiganjani mwake. Ulikuwa una mawimbi, hatua ndefu ndefu, kama uzi unavyokuwa ukiutoa kwenye nguo ulimokaa siku nyingi.

Ili aupokee ilimbidi auachie mkono wa kushoto. Akauachia. Sidhani kama alijua ameuachia.

Akaunyoosha uzi kwa mikono miwili, akauachia, ukarudi kujikunja. Akaunyoosha tena.

"Umeung'oa," akasema.

"Nimeung'oa."

"Nilikuwa natazama?"

"Ulikuwa unatazama."

"Ndiyo," akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka alipoweka funguo. "Nilikuwa natazama."

Akauweka chini ya mto. Akajivuta akalala ubavu, akahangaika kidogo na shuka, nikamfunika miguu.

"Jumamosi utapanda wewe ngazini," akasema. "Uwaambie mwenyewe. Mimi nitakaa nyuma nisikilize unavyotetemeka."

"Nitawaambia."

"Na leo usipike kisamvu."

"Sipiki."

Nikainuka kuvuta pazia, jua lilikuwa linamwingia usoni. Nilipogeuka macho yake yalikuwa yamefumba. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, kiganja wazi, vidole vimelegea vyote vitano, na alikuwa amelala.